Manowari Iliyozamishwa na Wenyewe



Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa historia alituchorea ubaoni vita vya Trafalgar vya tarehe 21 Oktoba 1805. Tulikariri jina la Nelson na la meli yake, Victory. Zile nyingine hatukuziuliza habari zake.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya utawala. Jumamosi moja niliingia katika Makumbusho ya Bahari ya Greenwich, nikakuta tezi ya manowari ya kale, yenye madirisha na nakshi zake, imewekwa ndani ya jengo. Meli yenyewe haikuwapo. Nikataka kujua iliko.

Meli hiyo iliundwa na Wafaransa huko Rochefort, ikashushwa majini mwaka 1800 kwa jina la Duguay-Trouin. Ilikuwa ya matanga matupu, yenye mizinga 74. Pale Trafalgar ilipigana upande wa Ufaransa, ikaponyoka. Lakini tarehe 4 Novemba mwaka huo huo Waingereza waliikamata karibu na rasi ya Ortegal, Hispania, baada ya nahodha wake kuuawa. Wakaitia katika jeshi lao na kuiita Implacable, maana yake isiyotulizika. Mwaka 1808 ilipigana na Warusi katika bahari ya Baltiki, na mwaka 1840 ilikuwa katika pwani ya Shamu.

Kuanzia mwaka 1855 ikawa chuo huko Devonport. Vijana walilala humo, wakafundishwa kufunga mafundo, kupanda mlingoti na kutii kengele. Mwaka 1912 ilikabidhiwa bwana mmoja, Wheatley Cobb, naye akaendelea kuitumia kufundishia vijana. Kwa hiyo, ndugu zangu, meli hii ilipigana kwa miaka michache tu. Sehemu kubwa ya umri wake ilikuwa shule ya bweni kama yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mbao zake za mwaloni zilikuwa zimeoza. Serikali ya Uingereza ilikuwa na madeni, na wananchi wake walikuwa bado wanapimiwa chakula. Wapenzi wa meli waliomba itengenezwe, fedha hazikutolewa. Ufaransa nayo ilipoulizwa haikuichukua. Basi tarehe 2 Desemba 1949 ilivutwa hadi nje ya kisiwa cha Wight, ikipepea bendera za nchi zote mbili, ikategwa baruti na kulipuliwa. Haikuzama upesi. Farumi ilianguka chini, lakini mbao za juu ziliendelea kuelea kwa saa kadhaa mbele ya waliokuja kuiaga. Katika zote zilizopigana Trafalgar, ikabaki Victory peke yake.

Siwezi kuwalaumu sana maofisa wale, kwa sababu nami nimeshika kalamu ya namna hiyo. Katika kituo changu cha kwanza nilikuwa katibu wa kamati ya kukagua mali chakavu. Tuliifuta mashua moja ya zamani kwa sahihi tatu, ikapasuliwa kuni. Siku ya pili akaja mzee aliyekuwa nahodha wake, akaomba apewe usukani tu. Nilimjibu kwamba karatasi zimekwisha kwenda makao makuu. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa kanuni, na hadi leo linanionea haya.

Aibu ya mwaka 1949 iliwaamsha Waingereza. Meli ya chai Cutty Sark, ya mwaka 1869, iliwekwa katika chelezo cha Greenwich mwaka 1954. Na Trincomalee, iliyoundwa Bombay mwaka 1817 kwa msaji wa India, iliyopata kuwa chuo pamoja na Implacable, imetengenezwa na inatazamwa Hartlepool. Msaji ulisaidia, maana hauozi upesi. Lakini hata msaji haujitetei mbele ya kamati.

Hapa shuleni kwetu bweni la kwanza linavuja, na daftari za majina ya wanafunzi wa awali zimo katika stoo, mchwa wamekwisha kuzionja. Najua kwamba darasa jipya lina haki ya kutangulia, na sitaomba bweni lote lihifadhiwe. Ninaomba mambo matatu: daftari zihamishiwe maktaba katika kabati la chuma, kengele ya zamani itundikwe mahali inapoonekana, na bweni lipigwe picha na kupimwa kabla halijaguswa. Nitaliweka ombi hili mbele ya mkutano wetu, na mchango wa kabati nimekwisha kuuanza kwa mfuko wangu. Wadogo zetu, nanyi mkija kutusaidia kufuta vumbi, mtasoma majina ya waliolala katika vitanda vyenu.