Takwimu za Resonansi za Nyutroni na Usalama wa Vinu vya Nyuklia

Urani-238, ambayo ni zaidi ya asilimia 99 ya urani asilia, hunasa nyutroni kwa namna isiyo ya kawaida. Nishati ya nyutroni inapofikia takriban elektronivolti 6.67, uwezekano wa kunaswa hupanda ghafla mara maelfu, kisha hushuka. Kilele hicho huitwa resonansi. Vingine hufuata karibu na elektronivolti 20.9 na 36.7, na kuendelea hivyo kwa mamia.

Mwaka 1936 Niels Bohr wa Denmark alieleza kuwa nyutroni inayoingia hugawana nishati yake na chembe zote za kiini. Katika urani-238 chembe hizo, pamoja na mgeni huyo, ni 239. Kukokotoa mahali pa kila kilele kwa nadharia pekee hakuwezekani. Vilele hupimwa maabara. Kinachotabirika ni tabia ya kundi zima.

Lau vilele vingetawanyika ovyo, kama matone ya kwanza ya mvua sakafuni, jozi zinazokaribiana sana zingekuwa nyingi. Eugene Wigner alipendekeza mwaka 1956 kanuni iliyo kinyume: vilele vyenye spini na ulinganifu sawa hukwepana. Mwaka huohuo Charles Porter na Robert Thomas walitoa kanuni ya upana wa vilele, kwamba vyembamba ni vingi mno na vipana ni vichache. Kanuni hiyo ina manufaa ya moja kwa moja, kwa sababu vilele vyembamba sana huvipita vipimo bila kuonekana, na kwa kuitumia wataalamu hukadiria vilivyokosekana.

Umuhimu wake kwa umma uko kwenye vinu vya umeme. Fueli ikipata joto kupita kiasi, viini hutetemeka zaidi, vilele hupanuka, nyutroni nyingi zaidi hunaswa na mmenyuko hupungua papo hapo, kabla mwendeshaji hajagusa kitufe. Kinga hiyo, iitwayo athari ya Doppler, lazima ikokotolewe kabla ya kinu kujengwa. Hata hivyo, katika nishati za juu vilele vya urani-238 husongamana kiasi cha kutotenganishwa na vipimo; hapo wakokotoaji hutegemea kanuni hizo za takwimu.

Kanuni zenyewe bado zinahojiwa. Mwaka 2010 vipimo vya viini vya platinamu vilivyofanywa Oak Ridge, Marekani, vilionyesha mtawanyiko wa upana usiolingana na ule wa Porter na Thomas, na wananadharia wametoa maelezo yanayotofautiana.