Mzigo Ulihama, Kanuni Zikabaki Relini: Historia ya Uchovu wa Dereva katika Njia ya Tanga

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, katika eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana uso kwa uso na basi dogo aina ya Coaster lililokuwa likisafirisha mwili wa marehemu pamoja na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Mkoa wa Kilimanjaro. Watu 17 walikufa, na baadhi ya majeruhi walifariki baadaye. Waliokuwa wakienda kuzika wakawa wa kuzikwa. Maelezo yaliyotolewa yalitaja mwendo kasi na jaribio la lori kulipita gari jingine. Januari 2025, eneo la Segera wilayani Handeni, lori jingine liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika usiku kwenye ajali iliyotangulia, na watu 11 wakapoteza maisha.

Baada ya kila tukio la namna hii husikika kauli moja: uzembe wa dereva. Siikatai kauli hiyo. Mtu anayelipita gari jingine mahali asipoona mbele amefanya uamuzi wake mwenyewe, na sheria ina haki ya kumwajibisha. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kuufunga uchunguzi mahali ambapo ulipaswa kuanza. Dereva alikuwa macho kwa saa ngapi? Alilipwaje? Nani alimpangia saa ya kufika? Maswali haya yana historia ndefu katika mwambao wa Tanga, na historia hiyo inaonyesha kwamba katika kila zama njia ya kusafirisha mzigo ilikuja na namna yake ya kuuwekea mpaka uchovu wa msafirishaji. Zama za lori ndizo zilizouondoa mpaka huo bila kuweka mwingine.

Tuanze na zama za mabega. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Pangani na Tanga ilifuata bonde la mto Pangani kuelekea Usambara, Upare na Kilimanjaro. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na juu yake akaongeza mkeka wake na chakula chake. Msafara uliondoka alfajiri na kwa kawaida ulipiga kambi kabla jua la mchana halijawa kali. Kiongozi wa msafara alijua kwamba akizidisha mwendo leo, kesho mizigo itabaki njiani na wapagazi watatoroka. Sisemi haya ili kuupamba wakati ule. Kulikuwa na njaa, ndui na viboko, na baadhi ya waliobeba mizigo walikuwa watumwa. Hata hivyo uchovu wa mpagazi ulionekana kwa macho ya wote, kwa kuwa aliyechoka aliutua mzigo. Misafara ndiyo pia iliyolieneza neno posho, chakula au fedha ya chakula aliyopewa mtu wa safari. Tutalikuta neno hilo tena barabarani.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, umbali wa takriban kilomita 350. Kwa kuwa njia ilikuwa moja, treni haikuweza kuondoka stesheni bila kuhakikishiwa kwamba njia iliyo mbele ni tupu. Kulikuwa na ratiba iliyoandikwa, stesheni masta, gadi, na zamu za kubadilishana. Dereva wa treni hakuwa na uwezo wa kuamua peke yake kwamba atakesha ili awahi. Kanuni hizo hazikutungwa kwa huruma. Serikali ya kikoloni ililinda mali yake, na vibarua walioijenga reli hiyo hawakuhurumiwa. Lakini ndani ya utaratibu ule uchovu ulihesabiwa kuwa hatari kwa wote, na ofisi ikapewa jukumu la kuuzuia.

Sambamba na reli, mashamba ya mkonge yalikuza utaratibu mwingine kabisa. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku ilihesabiwa kwa kumaliza kazi aliyopimiwa. Asiyemaliza hakuandikiwa siku yake. Hapa malipo yalifungwa kwenye kazi iliyokamilika, na muda ambao mwili uliutumia kuikamilisha likawa jambo la kibarua mwenyewe. Hivyo kando ya reli ile ile zilikaa fikra mbili za kazi: ya stesheni iliyohesabu saa, na ya shamba iliyohesabu matokeo. Mzigo ulipohama kutoka relini kwenda barabarani, fikra ya shamba ndiyo iliyopanda kwenye lori.

Kuhama kwenyewe hakukutokea siku moja. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia ya Mnyusi hadi Ruvu, na ilionekana kana kwamba reli ndiyo itakayobeba kaskazini yote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Bei na uzalishaji wa mkonge, mteja mkubwa wa reli hiyo, vilikuwa vimekwisha kuporomoka. Vipuri vikaadimika, mabehewa yakachakaa, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya kaskazini ikatoweka. Wakati huo huo sera za soko huria zilifungua usafirishaji kwa watu binafsi, wengi wao wakiwa na lori moja au mawili yaliyonunuliwa yakiwa yametumika. Saruji, mbao, mahindi, mafuta na bidhaa za bandarini vikahamia kwenye barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo. Treni ya mizigo na ya abiria zilirejea mwaka 2019, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kuzoea kwamba mzigo ni wa lori.

Ratiba, gadi na zamu vilibaki kwenye majengo ya stesheni yaliyoota nyasi. Barabarani dereva akawa peke yake na tandiboi wake, akifanya kazi za ofisi nzima: anapanga mwendo, anakagua breki, anaamua lini alale. Na mara nyingi anaamua akiwa na posho mfukoni. Mwenye gari humkabidhi fedha ya safari, na humo dereva hutoa chakula, malazi, sehemu ya tandiboi na gharama ndogondogo za njiani. Kinachobaki ni chake. Kwa hesabu hiyo, kulala nyumba ya wageni ni hasara na kulala chini ya tela ni akiba. Safari nne kwa mwezi ni kipato kikubwa kuliko tatu. Kuteremka mlima kwa gia huru huokoa dizeli, na dizeli iliyookolewa ina mnunuzi, ingawa gari lisilozuiwa na injini huziachia breki kazi yote hadi zinapopata moto na kufeli. Kwa wengine, mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu huchukua nafasi ya usingizi. Tunaziita tabia mbaya za madereva, na ni mbaya kweli. Lakini kila moja kati ya hizo hulipa, na mfumo wa malipo haukutungwa na dereva.

Maumbile hayajali mfumo wa malipo. Lori linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mgongano inayozidi kwa zaidi ya nusu ile ya lori hilo hilo likiwa na kilomita 80. Dereva anayesinzia kwa sekunde tatu tu akiwa katika mwendo wa kilomita 80 husafiri zaidi ya mita 60 bila kuona chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo kwa kiasi sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe ambacho nchi nyingi hukiweka kuwa ukomo kwa madereva. Polisi wetu wana kifaa cha kupima pombe na wana tochi ya kupima mwendo. Kifaa cha kupima kukesha hawana.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari mazito na kilomita 50 kwenye maeneo ya makazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na inakataza kuzidi saa 12 kwa siku hata kwa kazi ya ziada. Tupime kwa safari moja. Kutoka Tanga hadi Arusha ni takriban kilomita 435. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao si mdogo kwa lori lililosheheni linalopita vijijini, safari hiyo peke yake inakaribia saa 9. Bado hatujahesabu foleni ya kupakia, kusimama mizani wala kusubiri kushusha. Anayepakia mchana na kutakiwa afike alfajiri ameamriwa kuvunja sheria kabla hajawasha gari.

Madereva wenyewe walilisema hili. Aprili na tena Mei 2015 waligoma nchi nzima. Miongoni mwa madai yao ni mikataba ya ajira, na walipinga kutakiwa kurudi mafunzoni kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni. Wengi tunaukumbuka mgomo ule kwa abiria waliokwama Ubungo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba dai la mkataba lilikuwa pia dai la usalama wa abiria hao hao, kwa sababu asiye na mkataba hana saa za kazi zinazoweza kudaiwa.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo haijadiliwi. Tangu miaka ya 1990 hadi mwaka 2023 mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kusafiri usiku kucha, na yale ya safari ndefu yakatakiwa kuwa na madereva wawili. Tuliona kwamba usiku na uchovu vinaua abiria, tukachukua hatua. Lori liliachwa liendelee usiku ule ule kwenye barabara ile ile, kana kwamba aliyekuwa ndani yake hachoki. Sasa mabasi yamerudi usiku, nayo yanakutana na lori ambalo halikuwahi kupangiwa mapumziko.

Si kwamba dola haiwezi kupima. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, mzigo wa ekseli ya kawaida hauruhusiwi kuzidi tani 10, na gari zima tani 56. Mizani imejengwa, wapimaji wameajiriwa, faini zinalipwa. Tumeilinda lami kwa bidii kuliko tulivyolinda jicho la anayeitazama.

Jambo hili halitapungua uzito. Gati za bandari ya Tanga zimechimbwa kina ili meli zifunge moja kwa moja badala ya kushushia mzigo majini, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Barabara ya Horohoro ni ya lami. Yote hayo ni heri kwa mkoa uliosubiri tangu kuanguka kwa mkonge, na yote huleta malori.

Kwa hiyo nina ombi kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: taarifa ya kila ajali ya lori iandike saa ambazo dereva alikuwa kazini, namna anavyolipwa, kama ana maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na nani alipanga saa ya kufika, kisha mmiliki naye aitwe kueleza. Wanaharakati walidai hilo. Wanafunzi wa historia waende Segera, Korogwe na Mkata wakarekodi kumbukumbu za madereva wastaafu, pamoja na wafanyakazi wa reli waliosalia, kabla hawajaondoka na ushahidi wao. Wale wa relini watatueleza jinsi mtu alivyoweza kukabidhi zamu na kwenda kulala, na mzigo bado ukafika Moshi.