Mbawa za Kichimbakazi Zilitoka Wapi?

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri wanapokutana na neno la Kiingereza fairy huandika kichimbakazi, au jini, au malaika mdogo, kisha husonga mbele. Ukiwauliza kiumbe huyo ana sura gani, karibu wote hujibu sawasawa: msichana mdogo mwenye mbawa za kipepeo na kifimbo chenye nyota. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha hiyo ina umri mdogo kuliko neno lenyewe, na kwamba mfasiri asiyeijua historia yake aweza kuipotosha matini nzima.

Neno hilo liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni Kilatini, fata, yaani miungu wa kike wapangao majaliwa. Hapo mwanzo, basi, hapakuwa na udogo wowote. Katika utenzi mrefu wa Edmund Spenser, The Faerie Queene, uliochapishwa kati ya 1590 na 1596, viumbe hao ni mashujaa na mabibi wenye kimo cha binadamu. Huko Scotland mchungaji Robert Kirk wa Aberfoyle, aliyefariki mwaka 1692, aliandika kitabu kizima juu yao, ingawa kilipigwa chapa mwaka 1815. Yeye aliwaweka kati ya binadamu na malaika, akaeleza kuwa miili yao ni myepesi kama wingu na kwamba huonekana vyema wakati wa magharibi.

Aliyewapunguza kimo hasa ni Shakespeare. Katika A Midsummer Night's Dream, tamthilia iliyopigwa chapa mwaka 1600, wapo wanaojificha kwa hofu ndani ya vikombe vya mbegu za mwaloni, na wengine huitwa Utando wa Buibui na Mbegu ya Haradali. Hata hivyo Malkia wao, Titania, anamkumbatia mfumaji mwenye kichwa cha punda, jambo lisilowezekana kwa kiumbe wa ukubwa wa panzi! Shakespeare hakujisumbua na vipimo. Jukwaani walicheza binadamu.

Na mbawa je? Alexander Pope, katika shairi lake The Rape of the Lock alilolipanua mwaka 1714, aliwapa mbawa za wadudu roho wa hewani. Mwaka 1798 mchoraji Thomas Stothard aliwachora roho hao wakiwa na mbawa za kipepeo, na wachoraji wa karne ya 19 wakaufuata mtindo huo hadi watu wakasahau kuwa ulibuniwa.

Lakini wakati wachoraji wa London wakipamba mbawa, wanakijiji wa Ireland walikuwa wakiwaogopa viumbe wasio na mbawa hata kidogo. Mwezi wa Machi 1895, huko Ballyvadlea, wilaya ya Tipperary, Michael Cleary alimchoma moto mkewe Bridget, aliyekuwa mgonjwa. Alidai kwamba mkewe wa kweli alikuwa amechukuliwa, na huyu aliyelala kitandani ni mbadala tu; hata alisema alikuwa mrefu kuliko mkewe kwa inchi mbili. Mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Tazama kimo kilivyokuwa na uzito: kiumbe aliyehofiwa alifanana na jirani yako, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake.

Miaka tisa baadaye, Desemba 1904, tamthilia ya J. M. Barrie, Peter Pan, ilionyeshwa London, na Tinker Bell jukwaani hakuwa ila nuru iliyorukaruka. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Elsie Wright na Frances Griffiths, walipiga picha za viumbe wenye mbawa, na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, akaziamini na kuzichapisha mwaka 1920. Mwaka 1983 walikiri kwamba ni karatasi zilizochorwa na kusimamishwa kwa pini za kofia. Frances, hata hivyo, alishikilia mpaka kufa kwake mwaka 1986 kwamba picha moja ilikuwa ya kweli.

Turudi kwenye tafsiri. Kwa Tinker Bell, kichimbakazi latosha, na kile kiambishi ki- cha udogo chamfaa kabisa. Kwa Bridget Cleary halifai. Msomaji ataona kipepeo pasipo kipepeo, na mauaji yale yatageuka upuuzi wa kitoto. Jini nalo lina dini na sheria zake, kwa hiyo huleta mengine yasiyokuwemo. Mimi napendelea kuwafuata wanakijiji wenyewe. Wao hawakupenda kuwataja viumbe hao kwa jina, kwa kuogopa kuwaudhi. Waliwaita watu wema. Hiyo ni tafsida, na Waswahili tunaijua vizuri: nyoka akitajwa usiku huitwa ukamba.