Alpha Phi Alpha: Udugu Ulioanza Cornell Ukafika Mahakama ya Juu

Mwaka wa masomo wa 1904 hadi 1905 ulipokwisha, wanafunzi sita Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, walikwenda likizo wasirudi tena. Waliobaki walikuwa wachache na wapweke. Vyama vya udugu vya wanafunzi wa Kizungu, ambamo watu walisaidiana masomo na kutafutiana kazi, viliwafungia milango, ingawa baadhi yao waliingia humo kama wahudumu wa meza.

Wakaanza kukutana wenyewe kwa wenyewe kusoma. Kisha likazuka bishano: wengine walitaka kibaki kikundi cha masomo tu, wengine wakataka udugu kamili, wenye viapo na jina. Tarehe 4 Desemba 1906 hoja ya udugu ilishinda, na vijana saba wakaasisi Alpha Phi Alpha. Mwaka uliofuata tawi la pili lilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mmoja wa hao saba, Vertner Tandy, alikuja kuwa msanifu majengo wa kutajika. Mwingine, Eugene Kinckle Jones, aliongoza Urban League, shirika la kutetea Weusi wa mijini, kwa miaka mingi.

Kuanzia 1919 chama kiliendesha kampeni ya kuwahimiza vijana Weusi waende sekondari, kisha chuo. Katika miaka ya 1930 ikaja ya kupiga kura, wakati ambapo kodi na mitihani ya kusoma viliwanyima wengi wa Kusini haki hiyo.

Lakini kwangu, kazi inayostahili kukumbukwa kuliko zote ilianzia ndani ya treni. Mei 1942 Elmer Henderson, mtumishi wa tume ya serikali iliyochunguza ubaguzi katika ajira, alikuwa safarini kutoka Washington kwenda Birmingham, Alabama. Katika behewa la chakula, meza mbili za jirani na jiko ndizo walizotengewa Weusi, nazo zilikuwa na pazia. Alipofika, Wazungu walikuwa wameshazikalia. Kiti kimoja kwenye meza hizo kilikuwa bado wazi, lakini alikatazwa kukikalia. Msimamizi akataka kumpelekea chakula kwenye kiti chake cha safari, Henderson akakataa. Basi akaahidiwa kuitwa nafasi ikipatikana. Hakuitwa, mpaka saa tatu usiku behewa lile likatenganishwa na treni, naye hajala.

Henderson alishtaki. Alpha Phi Alpha ilibeba gharama za kesi, na wakili Belford Lawson, aliyekuwa rais wa chama, akasimama mbele ya majaji. Juni 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba utaratibu ule ulivunja sheria ya usafiri baina ya majimbo. Ilichukua miaka minane, na michango ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Henderson kwa macho.

Mwanachama mwingine, Thurgood Marshall, ndiye wakili aliyeshinda kesi ya kupinga ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Wakenya wana sababu yao ya kumjua: mwaka 1960 alikwenda Lancaster House, London, kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba ya Kenya, akaandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba hiyo.

Martin Luther King alijiunga mwaka 1952 akiwa mwanafunzi Boston. Mwaka 1984 ndugu zake wa Alpha walipendekeza ajengewe mnara Washington. Idhini ya Bunge ilipatikana 1996, harambee ikafuata, na Oktoba 2011 Rais Obama akauzindua.