Nani Mwenye Haki? Hukumu ya Wasikilizaji katika Kisa cha Kua na Kisimani Mafia

Neno kura lina historia yake katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuliachia jambo bahati nasibu: watu wasiopatana juu ya fungu au zamu hupiga kura, na kilichomwangukia mtu huwa ndicho chake, wala hapana wa kulaumiwa. Maana ya pili, yaani mtu kuonyesha amtakaye katika uchaguzi, ilienea sana katika siku za kudai uhuru. Tanganyika ilipofanya uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na uchaguzi ule hata leo hukumbukwa kwa jina la kura tatu. Hivyo neno moja limebeba mambo mawili yasiyofanana. Katika la kwanza binadamu hana kauli. Katika la pili kauli yake huhesabiwa.

Liko neno jingine, lenye asili ya Kibantu, nalo ni kuamua. Kuamua ni kuwatenga wagombanao, kisha ni kukata shauri baina yao. Mwamuzi hahesabu vichwa wala hategemei bahati. Husikiliza upande huu na upande ule, akapima. Makala hii yahusu uamuzi wa namna hiyo, lakini si ule wa kwa kadhi, bali ule ufanywao na wasikilizaji wa hadithi juu ya watu ambao pengine hawakuwako duniani kamwe. Watu hukaa kitako wakateta usiku kucha kwa ajili ya mtu wa hadithi, huyu akimtetea na yule akimlaani, kana kwamba ni jirani yao. Jambo hili laonekana kuwa mchezo, na kwa sababu hiyo wataalamu wa fasihi simulizi hawakulipa uzito unaolistahili.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba ngano ya Kiswahili si mali ya msimulizi peke yake. Yeye husema Paukwa, na asipojibiwa Pakawa hana ruhusa ya kuendelea. Lakini ngano hazilingani katika kiasi cha hukumu ziwaachiazo wasikilizaji. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja aliouchapisha Edward Steere huko London mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja, ambaye kazi yake ni kuchakura jaani akitafuta punje za mtama, aokota thumuni akanunua paa. Paa yule ana akili na maneno. Amposea bwana wake binti wa sultani, amuua nyoka mwenye vichwa saba, ampatia nyumba na mali. Kisha paa augua, na bwana wake amdharau hata afe. Mke wa bwana apeleka habari kwa baba yake. Sultani aja mwenyewe, paa azikwa kwa heshima, na watu wote wamlilia. Bwana yule alala, na aamkapo ajiona yuko jaani kama zamani.

Katika hadithi hii hukumu imo ndani ya hadithi yenyewe. Sultani na raia zake wamekwisha kumchagua paa, na jaa limekwisha kumhukumu bwana. Msikilizaji hana la kuongeza ila kukubali. Ngano nyingi za mwambao ni za namna hii, na ndizo zilizopendwa na wakusanyaji wa karne ya 19, kwa kuwa huingia kitabuni bila kupungukiwa sana. Kurasa zina sauti ya msimulizi, nayo yatosha.

Kisa cha Kua na Kisimani ni cha namna nyingine. Mafia ni kundi la visiwa vilivyo mbele ya mdomo wa Mto Rufiji. Katika kisiwa kikubwa, upande wa magharibi, palikuwa na mji wa Kisimani. Katika kisiwa cha Juani, upande wa kusini na mashariki, palikuwa na mji wa Kua. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda chombo kikubwa, na siku ya kukishua waliwaalika watu wa Kua karamuni. Katikati ya furaha waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza chini mahali pa magogo, wakakipitisha chombo juu yao mpaka majini. Watu wa Kua walirudi kwao, wakanyamaza. Miaka ikapita, hata watu wa Kisimani wakadhani kwamba jambo lile limesahauliwa. Ndipo Kua walipowaalika kwenye harusi. Wageni waliingizwa katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba, wakaandaliwa chakula na mazungumzo. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki mzee mmoja tu aliyewazungumza wageni kwa ufundi, wasitambue kwamba mlango unazibwa kwa mawe na chokaa. Humo wakafia.

Yapasa kutazama jinsi kisa hiki kilivyopangwa. Maovu yote mawili yametendwa karamuni, na katika yote mawili aliyedhulumiwa ni mgeni. Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone imegeuzwa mara mbili. Kosa la kwanza limetendwa kwa kazi ya fundi wa vyombo, la pili kwa kazi ya fundi wa mawe. Nazo ndizo kazi mbili ambazo miji ya pwani ilijivunia kuliko nyingine zote. Waliolazwa chini ya chombo wamelipwa kwa waliofungiwa chini ya nyumba. Mizani imewekwa sawasawa kwa makusudi, na msimulizi amaliza bila kusema ni upande upi ulio mzito.

Hapo ndipo kazi ya msikilizaji ianzapo. Ataka kuwatetea Kua? Hoja yao ni kwamba wao walitangulia kudhulumiwa, kwamba waliouawa walikuwa watoto wasio na hatia, na kwamba hapakuwa na mwamuzi juu ya miji yote miwili wa kumpelekea mashtaka. Ataka kuwatetea Kisimani? Hoja yao ni kwamba miaka ilikwisha kupita, na hapana ajuaye kama walioketi chumbani ndio walioshika watoto; aliyelipiza juu ya mji mzima amelipiza pia juu ya wasiohusika. Tena mtu aliyekubali mwaliko wa harusi amekwisha kuonyesha kwamba ataka suluhu.

Amebaki yule mzee, naye ndiye mgumu kuliko wote. Hana jina, kama vile hapana hata mmoja mwenye jina katika kisa hiki. Ametoa nafsi yake kwa ajili ya watoto wa mji wake, na kwa kipimo hicho ni shujaa. Lakini silaha yake ni ucheshi, na waliomwamini ndio aliowaua. Mtu aweza kumpenda na kumchukia katika sentensi moja. Isitoshe, afanyavyo mle chumbani ndivyo afanyavyo msimulizi mbele ya wasikilizaji: awashika kwa maneno wasione kitendekacho nyuma yao. Msikilizaji amsifuye mzee kwa ufundi wake hana budi kujiuliza kama yeye mwenyewe angeuona mlango ukizibwa.

Kisa hiki kilipata njia ya kuingia katika maandishi ya Kiingereza zama za ukoloni, wakati T. M. Revington mwaka 1936 na D. W. I. Piggott mwaka 1941 walipochapa habari za Mafia katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Zama zile masimulizi ya wenyeji yalipokewa hasa kama ushahidi wa historia: swali lilikuwa kama jambo lilitokea, na lini. Baadaye Neville Chittick alifukua Kisimani, na taarifa yake ikatoka mwaka 1961. Ardhi ilitoa majibu yake. Kisimani ulikuwa mji wa zama za kustawi kwa Kilwa, na sehemu kubwa yake imekwisha kuliwa na bahari. Magofu ya Kua yaonekanayo leo kwa kiasi kikubwa ni ya karne ya 18. Kwa hiyo miji miwili ambayo kisa chaiweka uso kwa uso haikufikia kilele chake wakati mmoja. Mwanahistoria ana haki ya kusita hapo. Lakini mwanafunzi wa lugha na fasihi hapungukiwi na kitu, maana kigae cha chungu chaweza kueleza umri wa mji, wala hakiwezi kueleza nani alikuwa na haki.

Iko sababu nyingine iliyofanya shauri hili lisikatwe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini waliushambulia Kua, wakaua na kuteka, na mji ukahamwa. Hivyo hapana mji hata mmoja kati ya miwili uliobaki na nguvu ya kuulazimisha upande wake uwe ndio ukweli. Mshindi angekuwako, huenda kisa kingekuwa na shujaa mmoja na adui mmoja, kama hadithi nyingi za waliotawala.

Ni vyema kulinganisha jambo hili na lile lililotokea Marekani mwaka 1988. Kampuni ya DC Comics, ichapayo hadithi za picha za Batman, iliwaachia wasomaji waamue kama msaidizi wake Robin, yaani kijana Jason Todd, afe au apone. Walipewa nambari mbili za simu, moja ya kifo na moja ya uhai. Kura 5,343 zilitaka afe, na 5,271 zilitaka apone. Tofauti ilikuwa kura 72. Kijana akafa. Aliyempenda na aliyemchukia walihesabiwa, lakini hapana aliyeulizwa sababu yake, wala hapana aliyelazimika kuijibu hoja ya mwenziwe. Na hata hesabu ile haikumaliza jambo, kwani mwaka 2005 waandishi walimrudisha Jason Todd katika uhai. Ile ilikuwa kura katika maana yake ya pili. Kisa cha Mafia chataka kuamua.

Yatokanayo na haya yahusu kazi ya ukusanyaji. Mtafiti aendaye Juani, Chole au Kilindoni na chombo cha kunasia sauti, akakizima msimulizi anyamazapo, atarudi na nusu ya matini. Yampasa akiache kiendelee kunasa: nani alisema kwanza, nani alimkatiza, watu wa kijiji gani walikuwa upande upi, nini walichosema wazee na nini walichosema vijana, na kama yuko aliyebadili shauri kabla ya watu kutawanyika. Asiwaombe wasikilizaji wanyoshe mikono ili apate idadi, kwa maana idadi itafunga mlango ambao kisa chenyewe kimeuacha wazi. Istilahi ya leo humwita mtu wa hadithi mhusika. Lakini katika kisa cha Kua na Kisimani anayehusika ni msikilizaji pia, na maneno yake yastahili kuandikwa pamoja na ya msimulizi.