Fundi wa geti na cheti chake

Ndugu wana-Mapinga, mageti mengi mnayoyaona kando ya barabara ya Bagamoyo yamechomelewa na vijana ambao hawakupita chuo. Walianza kwa kufagia karakana, kushikilia vyuma, kupiga msasa na rangi. Mashine ya kuchomelea ilikuja baadaye, na macho kuwasha usiku kucha. Malipo yalikuwa nauli na chakula (mhasibu asingeuita mshahara). Mwaka 1994 sheria iliunda VETA, na siku hizi VETA hupima na kurasimisha hata ujuzi uliopatikana mtaani. Lakini upimaji una ada, na kijana akienda kwa mkandarasi huulizwa cheti, si geti. Mchango wa mwaka huu uanzie kwenye ada hiyo.