KARATASI YA NAILONI YA KUFUNIKIA CHAKULA, NA SABABU YA KUNATA KWAKE

Mazungumzo ya leo ni juu ya kitu chembamba kuliko ukurasa wa kitabu: ile karatasi ya nailoni inayopenya mwanga kama kioo, ambayo hutandazwa juu ya bakuli la chakula ikanata yenyewe, pasipo gundi wala kamba. Je, ilipatikanaje, na kwa nini hunata?

Tangu kale watu walijua ya kwamba chakula kilichoachwa wazi huingiwa na vumbi na nzi. Watu wa pwani walisuka kawa kwa ukili. Wengine walifunga chakula kwa majani ya mgomba. Na wafugaji walitia maziwa katika kibuyu chenye kizibo. Vifuniko hivyo vilifaa sana, lakini kawa haizuii hewa, na jani hukauka likapasuka.

Mwaka 1933 yalitokea mambo mawili katika nchi mbili. Huko Uingereza, mwezi wa Machi, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya Imperial Chemical Industries walikuwa wakikandamiza gesi ya ethilini kwa nguvu kubwa mno. Walipofungua chombo chao walikuta kitu cheupe kama nta, wasichokitazamia. Kitu hicho ndicho polithini. Na huko Marekani, kijana Ralph Wiley, aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara ya kampuni ya Dow Chemical, alikuta chupa yenye utando usiotoka kwa kuoshwa. Kutokana na utando huo ilipatikana karatasi iliyoitwa Saran. Sisi huziita zote nailoni, ingawa nailoni yenyewe ni kitu kingine.

Kazi yao ya kwanza haikuwa ya jikoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili polithini ilifunika nyaya za rada, na dawa ya Wiley ilinyunyiziwa ndege za vita ili chumvi ya bahari isizile. Vita vilipokwisha mwaka 1945 wenye viwanda walitafuta kazi nyingine, na mwaka 1953 Saran ilianza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Siku hizi karatasi nyingi za jikoni hufanywa kwa polithini.

Sasa tuje kwenye kunata. Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana, nazo huvutana zikikaribiana sana. Vitu vingi havinatani kwa kuwa nyuso zao zina vilima na mabonde madogo, hata zikawekwa pamoja hugusana mahali pachache tu. Lakini karatasi hii ni laini, na unene wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Hulala juu ya kioo ikafuata kila bonde, chembe zake zikakaribia zile za kioo mahali pengi. Mvuto wa kila chembe ni mdogo, ila yote pamoja ni nguvu. Mjusi kafiri hupanda ukutani kwa njia iyo hiyo, kwa vinywele visivyohesabika vya nyayo zake.

Kuna na sababu nyingine mbili. Karatasi ikivutwa kutoka katika bunda lake hupata umeme wa msuguano, kama chanuo likipitishwa katika nywele kavu; na kiangazi cha Kondoa, hewa ikiwa kavu, umeme huo hukawia kuliko katika unyevu wa pwani. Tena wenye viwanda huitia polithini dawa ya kuongeza mnato.

Aliyepanda miamba ya Kolo, iliyoandikwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia, ameona picha nyekundu zilizochorwa na watu wa kale. Rangi ile ilishika kwa kuwa jiwe lina vitundu vya kuipokea. Nailoni ni kinyume chake: hupenda bakuli la kioo au sahani laini, wala haikamati vema chungu cha udongo, kikapu, au ukingo wenye mafuta.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, karatasi hii huzuia nzi na vumbi, haiui vijidudu. Chakula kilichokwisha kuharibika hakiponi kwa kufunikwa. Pili, haiozi kama jani la mgomba. Ng'ombe akila nailoni hukwama tumboni, naye aweza kufa. Na ikitupwa korongoni, mvua huichukua mpaka mashambani. Kwa ajili ya madhara kama hayo Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, ile iitwayo rambo, tangu tarehe 1 Juni 2019, ingawa vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa viwandani viliruhusiwa kwa masharti.

Basi, mwenye kuitumia na aitumie kwa kiasi, kisha asiitupe malishoni. Na mwenye kawa asidhani kwamba ana kitu duni: kawa hufunika leo, huoshwa, na kesho hufunika tena.